UANDISHI WA HABARI ZA TAKWIMU: UFUNDISHWEJE VYUO VIKUU NA VYUO VYA UFUNDI?

Najua wengi mmezoea kuja hapa kusoma habari za mtaani, maji yamekatika wapi na barabara gani imekula hela halafu haijaisha. Leo naomba mnivumilie, makala ni ndefu kidogo na ni ya kujifunza. Kama una haraka ihifadhi uisome jioni. Nimeiandika kwa sababu naulizwa mara kwa mara na vijana wenzangu: hiki kitu kinachoitwa uandishi wa habari za takwimu ni nini, kinafundishwa wapi, na mtu wa kidato cha nne anaweza kukijua? Nimekusanya hapa yote ninayoyajua, ili siku nyingine mtu akiuliza nimwelekeze tu huku.

Ila nianze kwa kukiri kosa langu, maana ndilo lililonifanya nianze kusoma mambo haya.

KOSA LANGU

Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotoa matokeo ya kidato cha nne lilisema halitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu, kama wao hawapangi basi nitapanga mwenyewe! Nikaingia kwenye tovuti yao nikafungua kurasa za sekondari za halmashauri yetu hapa mkoani Pwani, moja baada ya nyingine, kwa simu. Kila ukurasa una kijedwali kinachoonyesha wasichana wangapi, wavulana wangapi, na jumla, kuanzia daraja la kwanza mpaka ziro. Nikanakili idadi ya ziro za kila shule kwenye daftari, nikapanga kutoka nyingi kwenda chache. Iliyokuwa na ziro nyingi nikaiandikia kichwa cha habari kwa herufi kubwa kwamba hiyo ndiyo shule mbovu kuliko zote. Nikaweka na picha ya geti.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Wewe ndiye kijana wa ile blogu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mkuu wa ile shule uliyoiandika. Njoo kesho saa nne, na hilo daftari lako uje nalo."

Nilijua nakwenda kugombezwa. Wala hakunigombeza. Alichukua chaki akaandika ubaoni idadi ya watahiniwa wa kila shule iliyokuwa kwenye daftari langu, kitu ambacho mimi sikukinakili kabisa. Akaniambia, "Kijana, shule yangu ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Ukiwa na watoto wengi utakuwa na ziro nyingi, utakuwa na daraja la kwanza nyingi, na siku ya baridi utakuwa na mafua mengi pia." Tukagawanya pamoja, ziro kwa watahiniwa, shule kwa shule. Shule yake ikatoka mkiani ikaja katikati. Iliyobaki mkiani ilikuwa shule moja ndogo ambayo mimi nilikuwa nimeisifia!

Kwa ambaye hajaelewa nitoe mfano wa kufikirika. Tuseme Shule A ina watahiniwa 300 na ziro 60. Shule B ina watahiniwa 40 na ziro 20. Ukihesabu ziro, A ni mbaya mara tatu. Ukigawanya, A ina ziro asilimia 20 na B ina asilimia 50. Yaani B nusu nzima ya watoto wamepata ziro. Hesabu ya darasa la sita hiyo.

Tatizo ni kwamba habari ilikuwa imeshatembea kwenye magrupu ya WhatsApp. Shule ile ilikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, wazazi walikuwa wanamchangia kidogo kidogo kwa hiari yao. Baada ya habari yangu baadhi ya wazazi wakasema hawawezi kutoa hela zao kwenye shule mbovu. Mwalimu akavumilia kama mwezi, akaondoka. Mimi nilirekebisha habari na nikaomba radhi kwa herufi kubwa zilezile, lakini mwalimu hakurudi, na watoto wale walikaa bila mwalimu wa hesabu kwa muda.

Hesabu mimi nilipata F, sifichi. Lakini kugawanya nilikuwa najua. Nisichokijua ni NINI kinagawanywa kwa NINI, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hilo ni swali la mwandishi wa habari.

NI KITU GANI HASA

Uandishi wa habari za takwimu (wengine wanasema uandishi wa data) ni kutafuta habari ndani ya namba na orodha kwa njia ileile ambayo mwandishi wa kawaida anatafuta habari kwa kuhoji watu. Namba inahojiwa: nani amekuhesabu, lini, kwa njia gani, ulikuwa ngapi mwaka jana, mwenzako ana ngapi. Kuchora grafu yenye rangi ni hatua ya mwisho kabisa, na mara nyingine wala haihitajiki.

Jambo lenyewe si geni kama watu wanavyodhani. Gazeti la The Manchester Guardian la Uingereza, ambalo leo ni The Guardian, katika toleo lake la kwanza kabisa la tarehe 5 Mei 1821 lilichapisha jedwali la shule za Manchester na Salford, kila shule na idadi ya wanafunzi wake na gharama zake. Kwa hiyo hata mimi kuanza na shule nilikuwa kwenye njia ya wazee, ila nilipotea.

Kwa Marekani anayetajwa sana ni Philip Meyer. Julai 1967 kulitokea ghasia kubwa mjini Detroit, watu 43 wakafa. Wakubwa wengi walikuwa wanaamini waliofanya fujo ni wale waliokosa shule. Meyer, kwa kushirikiana na gazeti la Detroit Free Press, akafanya utafiti wa kuhoji wakazi kwa sampuli na kuchambua majibu kwa kompyuta. Ikaonekana waliofika chuo walishiriki kwa kiwango sawa na walioacha shule. Dhana ikafa hapohapo. Gazeti lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1968, na mwaka 1973 Meyer akaandika kitabu, Precision Journalism, kinachosema mwandishi atumie mbinu za watafiti. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu kule North Carolina. Alifariki mwaka 2023.

Mimi habari hiyo ya Detroit naipenda kwa sababu zangu, maana na mimi ni mmojawapo wa wale ambao watu wanadhani ukosefu wa shule unaeleza kila kitu kuhusu wao.

HALI YA KUFUNDISHA ILIVYO

Hapa kwetu uandishi wa habari unafundishwa kwa ngazi. Juu kuna vyuo vikuu, kama Shule Kuu ya Uandishi wa Habari (SJMC) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ile Tanzania School of Journalism iliyoanza 1975 na kuunganishwa na chuo kikuu mwaka 2003. Kuna SAUT kule Mwanza, ambayo zamani ilikuwa kituo cha mafunzo cha Nyegezi na ikawa chuo kikuu mwaka 1998. Chini yake kuna vyuo vingi vinavyotoa astashahada na stashahada chini ya NACTVET, ambalo zamani tulilijua kama NACTE. Na pembeni kuna mfumo wa ufundi stadi, yaani VETA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambao hata chuo maalumu cha TEHAMA unacho pale Kipawa.

Tukisema ukweli wengi wetu tunaoandika tumekutana na mambo ya takwimu kwa njia moja tu, SEMINA. Unaalikwa siku mbili ukumbini, mkufunzi anafungua programu, mnabonyeza pamoja, ramani inatokea, watu wanapiga makofi. Chai, posho, picha ya pamoja, cheti. Ukirudi nyumbani hukumbuki hata kitufe cha kwanza. Mimi nimehudhuria mbili na vyeti ninavyo, na kosa la shule nililifanya baada ya semina ya kwanza. Mle ndani tulifundishwa kuchora ramani. Kugawanya ilionekana kila mtu anajua.

Msije mkadhani ni sisi tu tuko nyuma. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kilitoa ripoti kuhusu ufundishaji wa somo hili Marekani. Kati ya vyuo 113 vya uandishi walivyovitazama, 59 tu ndivyo vilikuwa na angalau kozi moja ya data. Gawanya mwenyewe: ni asilimia 52. Na hao ndio wenye Chuo Kikuu cha Missouri, ambacho tangu 1989 kina kituo cha kufundisha waandishi kutumia kompyuta kuchambua kumbukumbu za serikali. UNESCO nao walitoa mitaala ya mfano ya uandishi mwaka 2007, na mwaka 2013 wakaongeza mihtasari mipya ukiwemo wa habari za takwimu. Kwa hiyo chuo kinachotaka kuanza hakianzii hewani.

MAMBO SITA YA KUFUNDISHA KABLA YA PROGRAMU YOYOTE

Haya nimeyapanga kutokana na makosa yangu na ya wenzangu. Mwalimu wa chuo akiyaona machache ayaongeze.

1. Asilimia ya nini? Kila asilimia ina mgawanyo chini yake. Asilimia ya waliosajiliwa au ya waliofanya mtihani? Ya kaya au ya watu? Ukikuta asilimia isiyosema ni ya nini, usiichapishe mpaka uulize.

2. Tofauti ya asilimia na pointi za asilimia. Ufaulu ukitoka asilimia 50 kwenda 60 umepanda kwa pointi 10, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 20. Wanasiasa wanachagua inayowapendeza. Mwandishi anatakiwa ajue zote mbili.

3. Wastani unaweza kudanganya. Watu tisa wana elfu kumi kumi mfukoni, akaingia tajiri mwenye milioni kumi, wastani wa chumba unapita milioni moja. Hakuna aliyetajirika. Hapo unatumia namba ya katikati, yaani unawapanga wote kutoka mdogo kwenda mkubwa unamchukua wa kati.

4. Je, kipimo ni kilekile? Hili ni kubwa, na matokeo ya kidato cha nne ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalitoa ziro zaidi ya 240,000 nchi ikatikisika. Mei 2013 serikali ikayafuta yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa mfumo wa GPA badala ya madaraja. Mwanzoni mwa 2016 madaraja yakarudishwa. Sasa mtu akikuchorea mstari wa ufaulu kutoka 2011 mpaka leo unapanda na kushuka kama mlima, muulize: hapa waliopanda ni watoto au kilichobadilika ni rula?

5. Kusafisha. Takwimu zetu nyingi zinakuja kwenye PDF, nyingine ni karatasi iliyopigwa picha. Kata moja imeandikwa kwa tahajia tatu, kompyuta inazihesabu kata tatu. Sifuri na nafasi iliyoachwa wazi si kitu kimoja, moja inasema hakuna na nyingine inasema hatujui. Kazi hii inachosha na ndiyo inayokula muda mwingi. Semina huiruka kwa sababu haina picha nzuri.

6. Nenda ukaone. Namba inakuambia pa kwenda tu. Mimi ningekwenda pale shuleni KABLA ya kuandika, mkuu wa shule angenieleza kwa dakika tano.

MFANO MMOJA KAMILI: DAR IMEJAA?

Yule mkuu wa shule aliniachia swali jingine. Alisema, "Umeandika nina ziro nyingi. Hukuuliza kwa nini nina watoto wengi hivi." Nikaenda kwenye Sensa, na hapa nataka muone jinsi somo linavyoweza kufundishwa kwa namba za nyumbani, bila kompyuta kubwa.

Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni 16,812,197. Gawanya kwa idadi ya 2012 unapata asilimia 37.4 kwa miaka kumi.

Sasa Dar es Salaam, ambayo kila mtu anasema imejaa. 2012 ilikuwa 4,364,541, na 2022 ikawa 5,383,728. Ongezeko ni asilimia 23.4. Yaani Dar imekua POLEPOLE kuliko nchi kwa ujumla! Nilipopata jibu hilo nilidhani nimekosea tena, nikarudia mara tatu.

Halafu chukua jirani yake, Pwani. 2012 watu 1,098,668. 2022 watu 2,024,947. Asilimia 84.3. Mkoa karibu umekuwa mara mbili kwa miaka kumi.

Kwa hiyo ukisimama Dar na namba za Dar peke yake hutaiona habari. Inaonekana ukiweka mikoa miwili pamoja. Kwa nini Pwani imekua hivyo, namba zenyewe hazisemi, hapo ndipo unapotoka kwenda kuuliza wanaojenga na kupanga huku kwetu wametoka wapi na wamekuja kwa nini. Mimi bado naendelea kuuliza. Lakini angalau nilielewa kwa nini kuna shule za Pwani ambazo madarasa yamefurika, na kwa nini kumlaumu mkuu wa shule kwa idadi ni sawa na kumlaumu kondakta kwa foleni.

Zoezi hili linachukua saa moja darasani. Kalamu na kikokotoo cha simu vinatosha.

CHUO KIKUU KIFANYE NINI, CHUO CHA UFUNDI KIFANYE NINI

Sasa nakuja kwenye hoja yangu yenyewe. Mimi naona ufundi huu ufundishwe kama tunavyofundisha useremala. Hakuna seremala aliyefundishwa kwa semina ya siku mbili hotelini. Anapewa ubao, anauharibu, fundi anamwonyesha alipokosea, anapewa mwingine. Mkuu wa shule alinifundisha hivyohivyo: kazi yangu mwenyewe, kosa langu mwenyewe, na mtu aliyekaa pembeni mpaka nikaelewa. Kinachotakiwa ni muda na mtu wa kukusahihisha. Popote penye viwili hivyo somo litafundishika, pawe chuo kikuu au VETA.

Kwa vyuo vikuu na vyuo vya stashahada, ningependekeza muhula mzima uende hivi:

- Wiki ya 1 mpaka ya 3: hesabu za mwandishi, yale mambo ya juu namba 1 mpaka 4.
- Wiki ya 4 na 5: takwimu ziko wapi na zinaombwaje. Sensa na tafiti za NBS, kurasa za NECTA, ripoti za CAG zinazopelekwa Bungeni kila mwaka mwezi Aprili, bajeti ya halmashauri.
- Wiki ya 6 mpaka ya 8: kuingiza kwenye jedwali na kusafisha.
- Wiki ya 9 mpaka ya 12: uwanjani. Kila kikundi kinachukua kata moja.
- Wiki ya 13 na 14: kuandika, na kuchora kama kuna haja.
- Wiki ya 15: habari inasomwa mbele ya watu wanaotajwa ndani yake, kabla haijachapishwa. Mkuu wa shule yupo, diwani yupo, mganga wa zahanati yupo. Hiyo ndiyo mitihani!

Na tusiseme walimu wa takwimu hakuna. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika (EASTC) kiko palepale Dar, Changanyikeni. Wanafunzi wa takwimu wanajua kuhesabu lakini wengi hawajui kusimulia, wa uandishi wanajua kusimulia wanaogopa kuhesabu. Waunganishwe wawili wawili, nauli ya daladala tu.

Kwamba wanafunzi wetu wanaweza kazi halisi, tumeshaona. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya GPS, wakishirikiana na wakazi, wakachora ramani ya vichochoro, vyoo na mitaro ambayo haikuwepo kwenye ramani. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na watu wa mitaa wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko Dar, na ramani zikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap kila mtu azitumie. Walijifunza kwa matope miguuni. Waandishi nao wanaweza.

Kwa VETA na vyuo vya namna hiyo, ningeomba kozi fupi ya jioni ya miezi mitatu, au uanagenzi: siku mbili darasani na siku tatu kwenye redio ya jamii au gazeti, chini ya mtu anayejua. Kwa nini nasisitiza ufundi? Kwa sababu kuingia astashahada ya uandishi wanataka angalau ufaulu wa D nne, na Kanuni za mwaka 2017 za Sheria ya Huduma za Habari ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kama mwandishi. Mimi sipingi watu kusoma. Lakini angalia nani anayeandika habari za kata, za zahanati, za kisima kilichokauka. Mara nyingi ni kijana wa kidato cha nne mwenye simu na bando. Yeye ndiye habari yake inasomwa na wazazi wa shule ile. Ukimfungia mlango hataacha kuandika, ataandika bila kujua kugawanya. Nimeshawaeleza gharama yake aliilipa nani.

VIFAA: VYA BURE VINATOSHA

Mtu asikudanganye kwamba lazima ununue programu. Kwa jedwali, LibreOffice Calc ni bure na inafanya karibu yote ambayo mwandishi anayahitaji kutoka Excel, na Google Sheets inafanya kazi hata kwenye simu. Kutoa jedwali kwenye PDF kuna Tabula, bure, ila PDF iwe ya maandishi, ikiwa ni picha itagoma. Kusafisha majina yaliyoandikwa tofauti kuna OpenRefine. Kuchora grafu kuna Datawrapper. Ramani kuna QGIS. Na kitabu cha The Data Journalism Handbook cha mwaka 2012 kinasomwa bure mtandaoni, kasoro yake kwetu ni kwamba kimeandikwa Kiingereza. Cha Kiswahili tunakihitaji, na hiyo ingekuwa kazi nzuri ya chuo kimojawapo.

SHERIA: SOMO AMBALO HALIRUKWI

Mwalimu anayefundisha takwimu Tanzania bila sheria anampeleka mwanafunzi baharini bila kumwambia kuna papa. Kwa kifupi:

Sheria ya Takwimu ni ya 2015. Septemba 2018 Bunge liliibadilisha, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kudhoofisha takwimu rasmi, adhabu yake faini au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Oktoba mwaka huohuo Benki ya Dunia ikatangaza hadharani wasiwasi wake. Juni 2019 Bunge likaibadilisha tena na kuondoa adhabu hiyo ya jinai. Kwa hiyo anayekutisha kwa sheria ya 2018 mwambie asome mabadiliko ya 2019, lakini na wewe usome, na ukipingana na namba rasmi weka wazi njia uliyoitumia.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ni ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Kuandika barua ya kuomba ni ufundi, ufundishwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Orodha ya wagonjwa au ya wanafunzi ikikufikia mkononi haina maana uimwage yote hadharani. Unahitaji jumla, huhitaji jina la mtoto aliyepata ziro.

KWA AMBAYE HAWEZI KUSUBIRI CHUO

Wiki hii fanya hivi. Chagua sekondari tano za karibu na kwako. Fungua kurasa zao za NECTA, nakili watahiniwa NA ziro. Gawanya. Halafu piga simu shule yenye matokeo ya kukushangaza, salimia vizuri, uliza kwa nini. Usiandike kitu mpaka umepata jibu. Ukifika hapo umeshafanya kazi ya nusu muhula.

Mimi daftari lile bado ninalo. Safu ya watahiniwa imeandikwa kwa mwandiko wa mkuu wa shule, pembeni ya safu yangu ya ziro. Kila nikitaka kuandika namba naifungua kwanza ile kurasa.

Walimu wa vyuo mnaosoma hapa, na mafundi wa VETA, na wewe uliyewahi kuandikwa vibaya kwa namba, naomba mtoe maoni hapo chini. Kama kuna chuo kinachofundisha somo hili muhula mzima, kitajeni, na ada yake na sifa za kujiunga, nitaviongeza kwenye makala. Na kama nimekosea hesabu mahali, msinionee haya. Nirekebisheni mapema kabla habari haijatembea.